Noti Isiyo na Uso

Malkia wa kwenye noti ile alipaswa kuwa na nyuso mbili. Wa kwanza umechorwa kwa wino: mwanamke mnene wa Urusi ya wafalme, mashavu tele, kidevu juu ya kidevu. Wa pili umefichwa ndani ya karatasi yenyewe, kwenye sehemu nyeupe, nao hauonekani mpaka uinue noti kwenye mwanga. Ndivyo zilivyo rubli mia zote za mwaka 1910, na Kipkemboi aliyekuwa akizikusanya alilijua hilo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa ya mkewe.

Asubuhi hiyo, nyumbani kwao ughaibuni, mjini Lanham, aliinua noti mpya dirishani, akaigeuza, akafuta miwani, akaigeuza tena.

"Jero, kuja uone," alimwita mkewe. "Hii haina mtu ndani."

Jerotich alikuwa ametoka kazini, kwenye makao ya wazee, hata sare hajavua. Aliangalia ile sehemu nyeupe.

"Ameenda wapi?"

Kipkemboi akacheka. "Ni error ya kiwanda. Unajua vile watu wanatafuta hizi? Kuna mzee alikufa huko mji wa Falls Church, watoto wake wakaniuzia kama takataka."

Ukipenda chongo, huita kengeza. Mtu mwingine angejiuliza uso umepotelea wapi na umekwenda kwa nani. Mkusanyaji aliona bahati tu. Aliitia noti kwenye mfuko wake wa plastiki, akaiweka kwenye albamu, akanawa mikono akipiga mluzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa hawajampokea mgeni wa namna hii.

Wa kwanza kumwona alikuwa Chebet, binti yao wa pekee, mtoto anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

"Mom, who's the lady trying on your clothes?"

"Lady gani anajaribu nguo zangu?"

"The big one. In your closet."

Jerotich akafungua kabati la nguo. Hapakuwa na mtu, ila harufu ilimpiga usoni, harufu ya mishumaa iliyozimwa sasa hivi na manyoya yaliyoloa. Gauni lake la harusi lilikuwa limefumuka mishono kiunoni, kama lililovaliwa na mtu mwenye mwili mara mbili ya wake.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Mchana, akijaribu kulala baada ya kazi, alisikia sketi nzito ikiburuzwa koridoni, shwaa, shwaa, ikifika mlangoni pake inasimama. Kwenye picha ya harusi iliyoko sebuleni uso wake ulianza kupauka, macho yakafuata, na mdomo ukawa wa mwisho kwenda, mpaka Kipkemboi akabaki amemkumbatia mwanamke mwenye kitu cheupe juu ya shingo. Kazini, mlinzi aliyemsalimu kila siku aliangalia kitambulisho chake, akamwangalia yeye, akamuuliza kwa adabu kama ni mgeni wa mtu; na jioni mezani mumewe alimnyooshea sahani, akafungua mdomo amwite, akakwama, akamkazia macho kama anayetafuta jina la mtu waliyewahi kukutana naye mahali, kisha akasema tu, "Wewe, pitisha chumvi."

Hapo Jerotich alilia waziwazi. "Choma hiyo noti. Nakuomba, baba Chebet. Inanimaliza."

"Nichome kitu iko moja dunia nzima?" Kipkemboi aliuliza kwa sauti ya upole, na upole huo ulimuumiza mkewe kuliko kofi. "Umechoka, Jero. Omba likizo."

Kesho yake, mume akiwa kazini na mtoto shule, Jerotich aliitoa noti kwenye albamu na kuiinua dirishani. Haikuwa tupu tena. Ndani ya karatasi alikuwamo yeye, paji lake, pua yake, mwanya wake, mdomo wazi kama wa mtu anayeita kutoka mbali. Aliwasha jiko akaigusisha pembe ya noti kwenye moto. Shavu lake likaungua papo hapo na kutoa lengelenge. Aliizima kwa viganja vyake mwenyewe, akaketi sakafuni, akajua kwamba hata moto haumsaidii.

Alimpigia simu Pasta Ilunga, Mkongo aliyesifika kwa maombi ya kufukuza mapepo. Akamweleza yote akinong'ona.

"Mama, usiogope," Pasta alisema. "Jumapili minakuja. Donc, sikia muzuri. Ile kitu itaanza kulia. Itajiita na jina ya mutu wa nyumba, itaomba huruma. Musiisikilize hata kidogo. Bambia bote."

Jerotich aliwaambia wote. Alimshika Chebet mabega, akamkaririsha maneno hayo mpaka mtoto akayaweza: litalia, litajiita kwa jina la mmoja wetu, tusilihurumie. Kipkemboi alikubali kwa shingo upande, ili amani irudi.

Jumapili Jerotich akakumbuka kwamba hawana mafuta ya zeituni ya maombi. Akakimbia dukani. Aliporudi, gari la Pasta lilikuwa limeshaegeshwa. Akafungua mlango kwa ufunguo wake na kuingia.

Walikuwa wamesimama sebuleni. Kipkemboi alimgeukia, akampa tabasamu la kumpa mtu usiyemjua.

"Samahani, mama. Umepotea nyumba?"

Nyuma yake alisimama mwanamke mnene aliyevaa aproni ya Jerotich. Mashavu tele, kidevu juu ya kidevu. Chebet alikuwa amemng'ang'ania kiuno.

"She doesn't have a face, Mom," mtoto alinong'ona. Alikuwa akimwambia yule mnene.

"Pasta," yule mwanamke alisema, na sauti ilikuwa ya Jerotich hasa, hata lile kwaruzo la uchovu, "ndiye huyu niliyekupigia simu kumhusu."

"Chebet," Jerotich alisema. "Mtoto wangu. Ni mimi."

Chebet akaziba masikio, kama alivyofundishwa.

Pasta alimnyang'anya chupa, akammiminia mafuta kichwani, akaunguruma maombi, na Kipkemboi akaitikia, na mtoto akaitikia, na yule mwenye aproni akaitikia kuliko wote. Na Jerotich, aliyekuwa akipiga kelele kwamba huyo ni mume wangu na hiyo ni aproni yangu niulizeni chochote cha nyumba hii niwaambie, alihisi magoti yakigeuka yenyewe na miguu yake, ambayo aliishikilia kwa nguvu zote, ikitii amri ya Pasta na kumpeleka hatua kwa hatua mpaka nje kwenye baridi.

Pasta alimfuata hadi kizingitini. Machoni mwake mlikuwa na kitu kama huruma.

"Pasta, ni mimi Jerotich," alimwambia. "Wewe unanijua."

"Mapepo banajuaka majina ya batu," Pasta alijibu taratibu, akafunga mlango na komeo.

Ndani wakaanza wimbo wa shukrani. Sauti ya Kipkemboi ilisikika juu ya nyingine zote.