Kadi Namba 117

"Bibi, hii kadi umeitoa wapi?"

"Nimeitoa wapi tena, mwanangu? Si nyinyi wenyewe mlimpa Esnart. Kabla hawajamwingiza chumba cha kuzalia akanikabidhi, akasema mama usiipoteze, hii ndiyo namba yangu. Nikaifunga hapa." Bibi akaonyesha pindo la kitenge. "Tangu azikwe sijaifungua mpaka leo."

Nesi Tamandani akaigeuza kadi. 117. Wino wa bluu, na ile saba yenye kimstari katikati. Ulikuwa mwandiko wa Daktari Yankho, msimamizi wa utafiti wa wodini, mwanaume ambaye keshokutwa, Jumamosi, wajomba zake walikuwa wanakuja kumposa.

Mbele yake daftari la utafiti lilikuwa wazi, na humo Esnart hakuwa 117. Esnart, marehemu, aliandikwa 118. Aliyeandikwa 117 alikuwa Alinafe, mdogo wake Tamandani wa tumbo moja, aliyejifungua siku ileile, na muda huu yuko nyumbani Chilomoni anakula uji na kunenepa.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Mama mwenye uchungu wa muda mrefu akikubali kuingia, anapewa kadi ya namba, kisha inafunguliwa bahasha yenye namba hiyohiyo. Ndani kuna kikaratasi: ama apewe dawa mpya ya kuzuia maambukizi ya uzazi, ama ahudumiwe kama kawaida. Hachagui daktari, hachagui nesi, inachagua bahasha. Alinafe alipata dawa. Esnart alipata kawaida, na siku ya sita homa ya uzazi ikamchukua, akaacha kichanga ambacho bibi yake amekileta leo kupimwa uzito.

"Bibi, siku ile nani alitangulia?"

"Mwanangu. Saa tatu asubuhi alishaweka dole gumba kwenye fomu. Huyo mwingine aliletwa saa nne, yu hoi, na yule daktari kijana mrefu akatoka mbio kama anafukuzwa na nyuki. Baadaye nikaambiwa mwanangu amepata kawaida. Nikasema sawa, kura ni kura."

"Mtoto mmempa jina gani?"

"Funsani."

Funsani, yaani Ulizeni. Bibi akamfunika mtoto vizuri. "Kila aliyekuja msibani aliniuliza kafaje, sikuwa na jibu. Nikasema basi swali lenyewe libaki kwa mtoto."

Bibi alipoondoka, Tamandani alitafuta fomu ya ridhaa ya Esnart. Esnart hakujua kuandika, kwa hiyo pembeni ya dole gumba lake lazima shahidi asaini kwamba alisomewa akaelewa. Saini ilikuwepo, na ilikuwa ya Tamandani. Siku hiyo Tamandani alikuwa Zomba kwa shangazi, anachagua vitenge vya posa!

Alikumbuka. Wiki moja kabla, Yankho alimletea fomu tupu thelathini na mandazi mawili ya moto. "Nisainie hizi, mpenzi, tusipoteze muda foleni ikijaa." Akasaini zote huku anatafuna. Kwenye mapenzi mtu anasaini chochote.

Akapiga simu.

"Yankho, uko wapi?"

"Kwa fundi, napima suti. Jumamosi hutanitambua wewe!"

"Njoo hospitali."

"Kuna nini, mke wangu?"

"Njoo."

Walikutana chumba cha eksirei, mchana, wenzao wakiwa wamekwenda kula. Tamandani akaiweka kadi mezani.

"Umeipata wapi?" Yankho aliuliza.

Hakuuliza ni kadi gani. Tamandani akajua hapohapo kwamba hakuna kosa la kalamu.

"Niambie ulifanyaje."

"Tama, punguza sauti."

"Niambie."

Yankho akakaa. "Alinafe aliletwa kwa machela, macho yamegeuka. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu juzi yake. Wewe uko Zomba, simu haipatikani. Bahasha ya yule mama mwingine sijaifungua bado. Nikaichukua hiyo na iliyofuata, nikaziweka pale." Akaelekeza kidevu kwenye ile taa ya ukutani ya kusomea picha za eksirei. "Maandishi yanaonekana bila kufungua."

"Ukaona nini?"

"117 dawa. 118 kawaida. Nikabadilisha majina kwenye daftari. Hiyo kadi nilijua itapotea, mbona kadi zote zinapotea! Ulitaka nifanyeje, Tama? Nikupigie nikwambie mdogo wako kafa, samahani, nilikuwa naheshimu bahasha?"

Jioni ya siku ile, Tamandani aliporudi kutoka Zomba na kumkuta Alinafe amekaa kitandani ananyonyesha, alimkumbatia Yankho mbele ya wodi nzima na kumwambia Mungu akubariki. Furaha ile aliila yote, na sasa imegeuka shubiri.

"Esnart amekufa, Yankho."

"Hatujui kama dawa ingemwokoa. Hatujui hata kama inafanya kazi. Ndiyo maana tunafanya utafiti!"

"Kama hukujua, kwa nini ulibadilisha?"

Yankho akaushika mkono wa Tamandani. "Jumatatu mkaguzi wa utafiti anakuja kutoka Lilongwe. Ichane hiyo kadi, yaishe. Au..."

"Au nini?"

"Fomu ina saini yako. Ukisema ulichanganya namba kwa uchovu, wewe ni nesi, watakupa barua ya onyo, basi. Mimi ndiye msimamizi. Nikiguswa mimi, utafiti unafungwa, na nafasi yangu ya kwenda kusoma nje imekwenda. Na tungekwenda wote, Tama, mimi na wewe."

"Ulisema ulifanya kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, Mungu shahidi."

"Na mzigo pia niubebe mimi."

Akaichukua kadi, akatoka.

Ijumaa nzima simu haikunyamaza kwa jumbe za Yankho.

"Mpenzi, umeichana?"

"Jibu basi."

"Nakupenda kuliko roho yangu. Usituue kwa kikaratasi."

Tamandani alizisoma zote, akalia, asizijibu. Alimpenda yule mtu. Alipenda hata jinsi anavyokohoa kabla ya kusema uongo mdogomdogo. Huu mkubwa wa daftari aliuandika bila hata kukohoa.

Jumamosi wageni wakafika Chilomoni. Mjomba wa Yankho, mzee Kamwana, alikuja na jogoo mwekundu kwapani, kama ada inavyotaka. Mjomba Lipenga, mwenye sauti ya mwisho kwa akina Tamandani, alikuwa na mtetea ndani ya kikapu. Wakishabadilishana ndege hao, posa imekamilika.

"Tumesikia humu mna mtetea," mzee Kamwana akaanza. "Jogoo wetu halali, anawika hata saa sita mchana."

"Mitetea ipo tele," akajibu mjomba Lipenga. "Jogoo wenu anamjua anayemtaka, au naye anahitaji miwani kama wewe?"

Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Tamandani akaitwa, akapiga magoti kwenye mkeka. Yankho amekaa upande wa pili katika suti mpya, jasho linamtiririka.

"Mwanangu," mjomba akamwuliza, "wageni hawa unawafahamu? Jogoo wao tumpokee?"

"Nawafahamu, mjomba. Lakini kabla hamjampokea, Yankho awaeleze bahasha namba 117 ilikuwa ya nani."

"Tama, si hapa," Yankho akanong'ona.

"Basi nitaeleza mimi."

Akaeleza yote, na zile saini thelathini hakuziacha. Alipomaliza, jogoo akapiga mabawa kwapani mwa mzee Kamwana.

Wa kwanza kusema alikuwa mama yake.

"Kwa hiyo huyu kijana ndiye aliyemwokoa mwanangu?"

"Mama, na ile nusu nyingine umeisikia?"

"Nimeisikia. Namlilia huyo binti wa watu. Lakini mimi wangu alikuwa anakufa, na huyu akamtoa kaburini. Unataka nimtemee mate?"

"Mambo ya hospitali yaishie hospitali," mjomba Lipenga akaunga mkono. "Hapa tumekuja kwa habari ya kuku."

Alinafe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto yuko kwenye ziwa. "Dada," akasema taratibu, "ungekuwepo wewe siku ile, ungenifungulia bahasha ipi?"

Tamandani angeweza kudanganya. Watu wazima wamedanganya kwa madogo kuliko hilo.

"Ya kwako. 118."

"Ningekufa?"

"Sijui."

"Hujui." Alinafe akamtoa mtoto kwenye ziwa, akafunga kitenge na kuingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na hilo ndilo lililomuumiza Tamandani zaidi.

Akamgeukia Yankho. "Nina swali moja tu. Jumatatu utamwambia mkaguzi kwamba ni wewe?"

"Tama..."

"Sema ndiyo, mbele ya wajomba hawa, na jogoo nampokea kwa mikono yangu. Tutafukuzwa wote. Tutauza viazi sokoni Limbe. Lakini nitakuwa mkeo, na usiku nitalala."

Tamandani alitaka Yankho aseme ndiyo, jamani! Alikuwa tayari kumsamehe yote pale mkekani kwa neno hilo moja.

Yankho alimwangalia mjomba wake, kisha akaangalia viatu vyake vipya. Akakohoa.

"Kwa nini tuharibu maisha ya watu wawili kwa sababu ya mtu ambaye alishakufa?"

Tamandani akainuka, akafuta magoti. "Mjomba, warudishieni jogoo wao."

"Mwanamke huna shukrani wewe!" mzee Kamwana akafoka.

"Ninayo, baba. Ndiyo inayonichoma."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya mkaguzi, Daktari Mwawi, mama wa makamo asiyetabasamu ovyo. Akaweka kadi mezani, akasema yake. Daktari Mwawi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeuzia kompyuta yake.

"Barua pepe hii niliipata jana. Isome."

"Kwa masikitiko, nimegundua kosa zito la nesi wangu, ambaye alibadilisha namba ili kumpendelea ndugu yake. Saini yake ipo. Naomba hatua zichukuliwe. Yankho."

Nesi wangu. Alhamisi mke wangu, Jumapili nesi wangu! Tamandani aliisoma mara mbili. Machozi aliyokuwa ameyatunza ya kumlilia mtu huyo yakakauka yenyewe.

"Saini ni yangu," akasema. "Niliziweka kwenye fomu tupu, na kwa hilo niadhibuni. Lakini siku ile nilikuwa Zomba, daftari la zamu litakwambia. Na mwandiko wa kadi hiyo ulinganishe na wake." Akafungua simu, akaiweka pembeni ya kadi. "Na hizi ni jumbe zake za Ijumaa."

Daktari Mwawi akasoma. "Usituue kwa kikaratasi," akarudia kwa sauti ya chini, akavua miwani. "Mwiteni huyo bwana."

Kabla ya saa sita Yankho alikuwa anakusanya vitu vyake mezani, na deni la suti ya posa bado hajalimaliza kwa fundi. Tamandani naye akasimamishwa kazi miezi sita, wala hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: habari ile akampelekee bibi mwenyewe.

Alimkuta nje ya nyumba yake, mtaa wa Bangwe, anachagua maharage. Bibi alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Kwa hiyo hakukosa bahati," akasema hatimaye. "Alinyimwa."

"Ndiyo, bibi."

"Na huyo aliyepewa, mzima?"

"Mzima. Ni mdogo wangu."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo. "Nenda, mwanangu. Umesema kweli, nimesikia. Lakini kitu cha kwenu kisiingie hapa kwangu."

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Tamandani alihamia chumba cha kupanga hukohuko Bangwe, maana nyumbani mama alimpakulia chakula bila kumtazama, na Alinafe alimpita ukumbini kama anapita kiti. Jioni moja simu ikalia. Ujumbe, jina la Alinafe.

"Mtoto wa yule mama anaitwa nani?"

Tamandani alikaa kitandani. "Funsani," akaandika.

Simu ikalia tena.

"Ana nguo za baridi?"

"Bibi yake hataki kitu kutoka kwetu."

"Sijakuuliza kama anataka. Nimekuuliza kama anazo."

Tamandani alivaa viatu, akaenda kwa bibi kuuliza.