Mnusaji wa Chupa

Kila alasiri, baada ya kuvua sare za shule na kula, Mnusaji aliketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta ya duka la baba yake na kuanza kazi. Alichukua chupa tupu ya kioo, akafungua kifuniko, akainusa, kisha akaamua. Ikinuka mafuta ya alizeti tu, iliingia kwenye kreti. Ikinuka kitu kingine chochote, iliwekwa kando, na hakuna aliyembishia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulikwisha kulisahau jina lake la shuleni.

Mpango huo wa chupa ulikuwa wa watu wawili, baba yake na Shangazi Mashine. Shangazi huyu hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa mama mwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mwisho wa mtaa, na sauti yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya kushindana na mngurumo wa mashine miaka nenda miaka rudi. Zamani aliuza mafuta yake katika chupa za plastiki. Mafuta yakiisha, chupa zilitupwa ovyo, zikaziba mtaro nyuma ya duka, na mvua ikinyesha maji machafu yaliingia mpaka darasani kwa kina Mnusaji.

Siku moja baba alimwambia, "Dada, mafuta yako ni mazuri, lakini chupa zako zinatuzamisha."

Mtu mwingine angenuna. Shangazi Mashine alikwenda akatafuta chupa za kioo. Akawa anazijaza yeye, baba anaziuza, wateja wanazirudisha na kupunguziwa bei. Mkokoteni ulioleta mafuta haukurudi mtupu tena. Ulibeba chupa kwenda kuoshwa kwa maji ya moto na kujazwa upya. Mtaro ukapumua. Mnusaji aliwaonea fahari watu hao wawili kuliko alivyowaonea wachezaji wa mpira.

Tena alijionea fahari mwenyewe. Baba alipenda kuwaambia wateja, "Pua ya binti yangu haijawahi kukosea," naye akisikia hivyo kichwa kilimvimba.

Basi wiki moja akashikwa na mafua. Pua iliziba kabisa, hata kipande cha sabuni alichokinusa hakikunukia chochote. Alipaswa kusema. Lakini angemwambiaje baba kwamba ile pua isiyokosea imegoma? Akajikaza. Alifungua vifuniko, akasogeza kila chupa puani kwa madaha yale yale, huku akiamua kwa macho tu. Zilizong'aa ziliingia kwenye kreti. Chupa ya fundi cherehani, jirani yao, iling'aa kuliko zote.

Siku chache baadaye, mama wa mapacha aliingia dukani ameshika kikaango.

"Jirani, hebu nusa mwenyewe!"

Baba alinusa, akajirudisha nyuma. Kikaango kilinuka mafuta ya taa.

"Watoto wamekula?" aliuliza.

"Wale nini? Nimemwaga chote pale pale harufu ilipopanda. Sasa mtu wa kesho asipoisikia harufu, itakuwaje?"

Mnusaji aliikumbuka ile chupa iliyong'aa kuliko zote. Baba alimwomba mama yule radhi, akampa chupa nyingine baada ya kuifungua na kuinusa mbele yake. Kisha akaziondoa zote rafuni na kumwita Shangazi Mashine.

"Kaka, wewe ndiye unayezipokea hizi chupa," Shangazi alisema.

"Na wewe ndiye unayeziosha, dada. Kwako zinapitaje?"

"Mimi nitajuaje kila mtu ametia nini humo? Bora nirudi kwenye plastiki yangu. Kila chupa mpya, hakuna wa kunilaumu!"

"Haya, rudi basi!" baba akasema kwa hasira.

Mnusaji alitazama nje, pale maji ya mtaro yalipokuwa yakipita bila kizuizi. Kazi yote ile nzuri ilikuwa inaharibika mbele ya macho yake, naye anajua kwa nini. Akafungua mdomo aseme, na kilichotoka kwanza ni chafya kubwa iliyowanyamazisha wote wawili.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nina mafua tangu wiki iliyopita. Nilikuwa sisikii harufu yoyote. Nilijifanya tu."

"Kwa nini hukusema?" baba aliuliza.

"Ulisema pua yangu haijawahi kukosea."

Shangazi Mashine alivuta kreti tupu, akaigeuza, akaikalia.

"Kaka, mtoto ametutangulia," alisema kwa sauti ya chini ambayo Mnusaji hakuwahi kuisikia kwake. "Mimi nami nina langu. Wiki ile jiko langu la kuchemshia maji liliharibika. Chupa niliziosha kwa maji ya uvuguvugu. Sikukwambia, niliogopa utaona kiwanda kimeanza kulegea."

Baba alijikuna kichwa. "Na mimi, fundi alipoileta chupa yake, niliona ameifunga shingoni kitambaa cha kufutia cherehani. Nilitaka kumwuliza alitia nini, wateja wakanizonga, nikaipokea hivyo hivyo."

Walitazamana, kisha Shangazi akaanza kucheka, na kicheko chake kikarudi kuwa kikubwa kama kawaida. Plastiki haikutajwa tena.

Fundi cherehani alipoitwa, alikiri kuwa aliweka mafuta ya taa ya kusafishia mashine. Alirudi kwake mbio, akaleta kibunda cha uzi mwekundu. Wakakubaliana kwamba chupa iliyotiwa kitu kingine ifungwe uzi huo na isirudi kamwe kwenye kreti. Nyingine zinuswe mara mbili, dukani mbele ya mteja, na kiwandani kabla ya kujazwa. Na jiko likiharibika, mkokoteni hautachukua chupa siku hiyo.

"Sikiliza, binti yangu," Shangazi alimwambia Mnusaji alipokuwa akiondoka. "Mimi natengeneza, baba yako anauza, wewe unanusa. Kila mmoja alificha udhaifu wake ili aonekane hodari, na nusura tuwadhuru watoto wa watu. Kushirikiana si kugawana kazi peke yake. Ni kumwambia mwenzako mapema pale unaposhindwa, ili akushikie."

Miezi ikapita, na mafua yakarudi. Alasiri hiyo duka lilikuwa limejaa wateja, kreti imejaa chupa. Mnusaji alisimama kando ya kigoda chake, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Baba, leo sina pua!"

Wateja walicheka. Baba aliacha kaunta, akaketi kwenye kigoda kile kidogo, akaichukua chupa ya kwanza na kuifungua.