Kisanduku cha Mwangwi

Jua lilikuwa linazama Mama Chiriku alipoingia kwa fundi redio, cherehani yake bado inamlia kichwani. Alitaka vifaa vya kurekodia sauti na gitaa nyumbani. Vya mfuko wa mshona nguo, si vya mfuko wa mwanamuziki. Kesho asubuhi chuo cha muziki kilikuwa kinafunga kupokea nyimbo, na binti yake alikuwa bado hajatuma wake.

Binti mwenyewe ndiye Chiriku. Mdomo wake haujapata likizo tangu alipoanza kusema "mama". Aliongea akila, aliongea akioga, hata usingizini alikuwa na lake la kusema. Lakini akiimba, jamani! Majirani walizima redio zao.

"Chukua maiki hii moja, inatosha," fundi alisema. "Gitaa halitaki mbwembwe. Tundika mablanketi ukutani, chumba kinyamaze. Mwangwi utautia baadaye, kidogo tu, kama chumvi."

"Na huo mwangwi nitautoa wapi?"

Fundi aliinama. Kwenye rafu ya chini palikuwa na kisanduku cheusi. Bei yake ilikuwa ya kutupa. Kilinuka... udongo mbichi.

"Hiki kimerudishwa mara mbili," alinong'ona. "Ukikitaka, shauri yako. Ila ukijaribu sauti, sema moja, mbili, tatu. Jina la mtu usilitaje."

"Kwani kitamla?" Mama Chiriku alicheka, akakitia kikapuni. Onyo liliingia sikio hili likatokea lile.

Nyumbani alitundika mablanketi, juu yake akaongeza makoti ya wateja. Ukipiga kofi, sauti hairudi. Maiki akaielekeza pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo lake, maana mbele ya tundu sauti huvimba. Akawasha kisanduku. Chiriku alikuwa nje anapiga soga. Haraka haraka, mdomo karibu na maiki, mama akafanya anachofanya kutwa nzima.

"Chiriku! We Chiriku!"

"Abee, mama!"

Mtoto akaja mbio. Mama akauma ulimi, kisha akajicheka. Mambo ya fundi yule!

Mama alipiga gitaa, mtoto akaimba mara moja tu, ikatosha. Mama akaupiga wimbo kwenye spika, akazungusha kitufe cha mwangwi. Kidogo, kama chumvi. Chumba kile kidogo kikageuka ukumbi. Mtoto akapiga makofi kwa furaha.

Wimbo ukaisha.

Mwangwi haukuisha.

Ulizidi kwenda... mbali... chini. Kisha, kutoka huko chini:

"Chiriku..."

Ilikuwa sauti ya Mama Chiriku mwenyewe. Lakini haikuwa na haraka. Ilibembeleza.

Alimrukia mwanawe amzibe mdomo. Lakini nani aliyemfunza mtoto yule kwamba kuitwa mara mbili ni utovu wa adabu? Nani aliyemfinya sikio, "Ukiitwa, itika!"

"Abee!" alisema Chiriku.

Taa haikuzimika. Hakuna kilichoanguka. Mwangwi ulikatika tu, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

"Mwanangu?"

Chiriku alifungua mdomo. Midomo ikacheza.

Kimya.

Mama alimbeba mbio, asijali viatu. Fundi alikuwa anafunga duka. Alimtazama mtoto, mabega yakamshuka.

"Aliitika?"

Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Umekizima?"

"Bado."

"Basi usikizime. Walionirudishia walikizima kwanza, hawakusikia kitu tena."

"Ni nani anayemwita, kaka? Niambie!"

"Sijui, dada yangu. Wallahi sijui."

Wimbo ulitumwa. Ungeachwaje, na ndiyo sauti iliyobaki? Chuo kikapiga simu: mtoto amepita, aje aimbe. Mama Chiriku aliikata simu, akalia mpaka akakauka.

Tangu hapo kila jioni huketi mbele ya kisanduku, mtoto bubu akiwa mapajani, na kuita, "Chiriku!"

"Abee, mama!" sauti hujibu. Kila jioni kwa mbali zaidi.

Jana aliita, hakujibiwa. Akaita tena, kwa kilio. Chiriku akamshika mkono, akitikisa kichwa: basi, mama, basi.

Ndipo spika ilipokohoa. Ikatoka sauti ya Mama Chiriku mwenyewe, ya upole, iliyokerwa kidogo.

"Nani wewe unayemwita mwanangu?"