Nilikata Kitabu Mahali Pabaya

Nina miaka arobaini na tisa, mjane, na kazi zangu ni mbili. Nauza vikwembe sokoni hapa Lubumbashi, vile vitambaa vya maua ambavyo wanawake hufunga kiunoni. Na juu ya meza hiyo hiyo nauza mapenzi. Mapenzi ya zamani, ya karatasi, yaliyopigwa mashine na kubanwa kwa pini mbili. Mimi ni mwandishi wa riwaya.

Msicheke, wasomaji wenzangu. Wanunuzi ni ninyi.

Riwaya zangu hutembea kwa miguu miwili. Sura moja ni ya enzi za makambi ya wafanyakazi wa mgodi, inayofuata ni ya leo. Bibi analia kule, mjukuu analia huku, mwishoni machozi yanakutana. Na sijawahi kuuza kitabu kizima! Nakikata vipande vitatu, kama kikwembe. Aliyenunua kipande cha kwanza lazima arudi kutafuta viwili vilivyobaki. Kazi yote iko mahali pa kukata. Unakata pale moyo unapouma zaidi, kisha unakaa nyuma ya meza na kusubiri.

Ujanja huo ndio ulioua ndoa ya mwanangu.

Nina mtoto mmoja tu, Ngoie. Nilimpa jina la kambo wangu, mama wa marehemu baba, kwa sababu kwetu jina la mtu halizikwi naye. Ngoie alisoma Kasapa, na huko chuoni alimpata Trésor. Kijana mpole, mwenye adabu hadi inachosha. Siku ya kwanza tu aliniita mama buko, yaani mama mkwe. Nikamwambia, "Polepole, baba! Hata bei hatujasikilizana." Akacheka mpaka akakohoa. Nikampenda.

Nikauliza kama mzazi yeyote: wewe ni wa nani? Akasema babu yake alikuwa fundi cherehani, zamani, akishona na kupima watu kwa kamba kwenye barza ya nyumba moja pale cité, mitaa ya wenyeji.

Fundi yule nilimjua... nilimjua kutoka mdomoni mwa Kambo.

Hapa lazima niwaeleze, hasa ninyi mnaosoma mkiwa mbali. Kwetu, kambo na mjukuu wanataniana bila mpaka. Kambo anaweza kudai mume wako ni wake. Anaweza kukuambia mambo ya chumbani ambayo mtoto wake wa kumzaa hatayasikia mpaka siku ya kaburi. Kati ya mzazi na mtoto kuna haya. Kati ya kambo na mjukuu kuna kicheko, na kicheko hicho hakitoki nje ya mlango.

Basi siku moja, tukichagua maharagwe, Kambo alinisimulia kuhusu fundi aliyempima blauzi kwa kamba. Alimpima, akajifanya amesahau kipimo, akampima tena. Walipendana kwa macho. Lakini baba yake Kambo alikwisha kupokea mahari ya mtu mwingine, ndiye babu yangu, na mambo yakaishia hapo.

Kisha Kambo akanipiga begani, akasema, "Angalia pua ya papa yako! Iyi pua ni ya nani? Uulizeko ule fundi!"

Tulicheka hadi maharagwe yakamwagika. Nilipomuuliza kama ni kweli, alinikata jicho. "Weye uko muzima kweli? Hata mukono hakunigusaka. Ni kamba tu njo ilinishika."

Mmesikia? Kamba tu. Mimi pia nilisikia, tena vizuri kabisa!

Posa ya Ngoie ilipopokelewa, nikasema nitawaandikia maharusi zawadi. Msichana na fundi waliopotezana zamani, na wajukuu wao wanaorudisha leo kilichopotea. Ungekuwa wewe mwandishi, ungekiacha kisa kama hicho? Nilibadilisha majina yote, nikayapitia mara ya pili. Lakini kamba niliiacha, ilikuwa nzuri mno. Na pua nikaiacha.

Kipande cha pili nilikimaliza hivi: msichana wa zamani, sasa mke wa mtu, anamwogesha mwanawe wa kwanza. Anamtazama usoni... anaona pua ya fundi. Kata!

Katika ukurasa wa kwanza wa kipande cha tatu, mama yake anamwambia hiyo ni pua ya mjomba, aache kujitisha bure. Nilikuwa nimekwisha kuiandika sura hiyo. Ilikuwa nyumbani ikingoja karatasi. Lakini nani aliijua zaidi yangu?

Kipande cha pili kilikimbia kuliko kitabu chochote nilichowahi kukiuza. Mmoja wa walionunua alikuwa Tantine Fifi, shangazi yake Trésor, binti wa yule fundi. Alinunua mkononi mwangu. Nilimpunguzia bei!

Siku ya kuleta mahari ikafika. Tulikaa uani kwa baba yangu mdogo, Papa Dieudonné, huko Kasungami, ambako Kambo aliishi uzeeni. Nilihesabu viti mara mbili, vilitosha. Mbuzi wao alifungwa kwenye mpapai. Ngoie alikuwa ndani na Kambo, akingoja kuitwa.

Kabla wazee hawajafungua mdomo, Tantine Fifi alisimama, akatoa kitabu mkobani, akasoma. Alisoma kamba. Alisoma beseni la kuogea. Alisoma pua. Kisha akanigeukia.

"Mama Ngoie, iyi kitabu ni weye uliandika?"

"Ni miye, Tantine."

"Na iyi kamba ya kupimia bantu, haiko ya papa yangu?"

Ningefanya nini? Mji mzima ulimjua fundi wa kamba. Nikasema ni hadithi tu.

"Hadithi iko na pua?"

Watu wote wakageuka kutazama picha ya marehemu baba iliyotundikwa barzani. Kisha wakamtazama Trésor. Jamani, pua za namna ile zimejaa kila basi la mji huu! Lakini siku hiyo zilikuwa mbili tu duniani.

Mzee wa upande wao akahesabu kwa sauti, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kama baba yangu alikuwa mtoto wa fundi, basi yeye na baba yake Trésor walikuwa ndugu. Mimi na Trésor ni watoto wa ndugu wawili wa kiume, kwa hiyo mimi ni dada yake. Na mtoto wa dada yake ni mtoto wake.

"Hatuwezi kutoa mali juu ya kuoa mutoto yetu wenyewe," akasema.

Wakamfungua mbuzi.

Nilipiga kelele kwamba kuna kipande cha tatu, kimekwisha kuandikwa! Tantine Fifi akanijibu kwamba hata yeye, akipewa kalamu, angeandika cha tatu usiku huo huo. Nikataja vipimo vya damu. Mzee akasema hawatapeleka watoto wao kupimwa kama mawe ya mgodi.

Alibaki mtu mmoja tu wa kuniokoa. Niliingia ndani, nikapiga magoti mbele ya Kambo. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani, na Ngoie ameketi kando yake kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamwomba atoke, aseme neno moja tu. Aseme ilikuwa kamba tu!

Alinigeukia.

"Mbele ya batoto yangu? Mbele ya buko? Nisimame niseme nani alinigusa na nani hakunigusa?" Akavuta kikwembe chake hadi kichwani. "Maneno ya kicheko yetu, ulienda kuipanga ku soko. Umekwisha kunisemea, mama. Nitaongeza nini?"

Nilitoka mikono mitupu. Mbuzi alikuwa amekwisha kufika barabarani.

Ngoie aliniuliza swali moja tu jioni hiyo. Mama, ulipokata pale, ulinifikiria? Jibu nililijua. Nilikuwa nimewafikiria wanunuzi.

Walijaribu kuonana kwa siri, yeye na Trésor. Nilitumaini! Nikajiambia vijana wa leo hawajali hesabu za wazee. Lakini Ngoie alirudi akasema imekwisha. Trésor hakumfukuza, hakumtukana. Ila wakiketi pamoja alikuwa akimtazama puani, kisha anatazama pembeni. Nani anaweza kuishi na mtu anayemtazama hivyo? Ngoie akafunga mzigo wake, akaenda Kolwezi. Simu zangu zinalia, hazipokelewi.

Kambo naye hakunitania tena hata siku moja. Nikimtembelea aliniuliza habari za soko, kwa heshima, kama unavyomuuliza mgeni. Ningetoa meza yangu yote anitukane tu kidogo, kama zamani! Alifariki mvua zilipoanza. Neno lile moja alikwenda nalo.

Kwenye kilio, wanawake wa familia waliketi chini kwenye mikeka. Papa Dieudonné aliniletea kiti cha plastiki, akakiweka upande wa majirani. Nikaketi.

Ndipo nikawaona watu wa fundi wakiingia uani. Trésor alitangulia, amebeba kikwembe kipya cha kumfunika marehemu, kama wanavyoleta wajukuu. Alikitandika kwa mikono miwili. Kisha akapita kuwapa pole watu, kiti kwa kiti, mpaka akafika kwangu. Akainama na adabu zake zilezile.

"Pole, yaya."

Yaya! Kwetu ni dada mkubwa. Kijana aliyeniita mama buko kabla hata ya kuruhusiwa...

Akatazama kwenye mikeka, akaniuliza, polepole, "Mutoto yetu Ngoie, hakukuya?"

Wasomaji wenzangu, hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameamini, basi.

Nawasihi. Kambo akikupa maneno ya kicheko, yaache palepale mlipochekea, hata kama ni matamu kuliko yote utakayoyatunga maishani. Usiyabadilishe majina ukadhani umeyaficha. Mimi nilimjua mnunuzi, nikajua atarudi. Sikujua kwamba mwenye uchungu harudi kununua kipande kinachofuata. Anaondoka na kile alichonacho mkononi.

Kipande cha tatu nilikichapisha hatimaye. Kiko mezani, pembeni ya vikwembe, nimekipanga vizuri. Watu wanakishika, wanakigeuza, wananitazama, wanakirudisha.

Wanasema mwisho wanaujua.