Chombo Kitupu Kilichokunywa Joto

Chombo kilikuwa kitupu, kimesuguliwa mara tatu, lakini kilikunywa joto kama mlevi aliyealikwa.

"Shemeji, umekiosha kweli?" fundi wa maabara alimuuliza msaidizi wake, mdogo wa mumewe.

"Nimekiosha mpaka kimeanza kunichukia, shem."

Asubuhi hiyo walitafuta jambo moja: spiriti hunyonya kiasi gani cha mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho. Vitabu vilikuwa na takwimu zote, isipokuwa pale penye joto la mwili wa binadamu. Hapo jedwali lilikuwa na pengo kama la jino lililong'oka. Saa sita mumewe angeingia ghala la spiriti na kamera ya joto kutafuta mvuke unaovuja. Bila takwimu hizo, angeingia na kamera kipofu.

Kikiwekwa ndani ya mashine ya kupimia, chombo kitupu huchora mstari ulionyooka. Huu ulichimba shimo, pale pale penye joto la binadamu, na chumba kikanuka nywele zinazoungua.

"Usinitazame, mimi nina kipara," Shemeji alinong'ona.

Shimo likazidi kuzama. Ndani ya mashine, kitu kikavuta pumzi.

"Shem... hilo ni jini."

"Nyamaza. Saa sita inafika."

Fundi akabonyeza kitufe cha kuiambia mashine: hiki ndicho kitupu, kila kilichomo kihesabu kuwa si kitu. Mashine ikatii. Akatia spiriti chomboni, takwimu zake zikatoka safi, naye akazituma kwenye kamera pamoja na kile kipimo cha chombo kitupu, ili kamera nayo ihesabu kilichokuwamo kuwa si kitu.

Kisha, roho ikimsuta, akafuta yote kwenye mashine, akamwaga spiriti na kukipima chombo upya. Mstari ukanyooka kama rula. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Limeondoka!" Shemeji akakata kiuno.

"Limekwenda wapi?"

Simu ikalia. Mumewe.

"Mama watoto, kamera haioni mvuke wowote, ila nimeweka mkono mbele yake nao hauonekani, nimesimama mwili mzima bado inaonyesha ghala tupu, na humu kunanuka nywele, halafu nasikia baridi, mke wangu, baridi inayoanzia ndani ya mifupa na kupanda..."

"Toka! Toka humo sasa hivi!"

Kwenye simu pumzi ndefu ikavutwa, ileile ya kwenye mashine.

"Atoke nani?" sauti ya mumewe ikauliza, taratibu. "Humu hamna mtu."