Joto Chini ya Nyasi

Wakati wa mvua, asubuhi za Kaisho huanza bila vilima. Ukungu huvifunika vyote, na migomba hubaki imesimama peke yake. Katika ukungu huo Kemirembe alirudi nyumbani na mzigo wa nyasi laini kichwani. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja Jumamosi, na nyumba inayopokea wageni wa heshima hutandikwa nyasi. Sakafu ya saruji haibadilishi jambo hilo.

Alitandika sebule nzima. Bibi Sperancia, mama wa baba yake, alijilaza kwenye pembe yake karibu na ukuta. Alisema sasa hapa ni nyumbani.

Nyumba hiyo ya wazazi wake, Projest na Eustadia, ilikuwa na soketi moja tu, sebuleni. Jikoni, nyuma ya nyumba, hakukuwa na umeme. Kuni zilikuwa zimelowa, na kahawa ya kutafuna ya kuwapa wageni huchemshwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo Projest alinunua jiko la umeme na ekstensheni ndefu, nyembamba, ya bei rahisi. Aliivuta kutoka sebuleni mpaka jikoni. Kisha aliona aibu wakwe waone waya umezagaa, akauficha chini ya nyasi. Sehemu iliyozidi aliizungusha kama ngata, akaisukuma pembeni, pale pale kwa Bibi. Alijiona fundi kweli kweli.

Alhamisi kahawa ilichemka tangu asubuhi, na Bibi alilala. Alipoamka mchana alisimulia ndoto. Alikuwa msichana, amelala juani shambani, na mama yake yuko karibu anaimba.

"Hizi nyasi zina joto," alisema. "Leo mgongo haujaniuma hata kidogo."

Eustadia alifurahi. Kemirembe aliinusa harufu tamu ya pembe ile, akatamani alale hapo pia. Kusema kweli, hata mimi ningelala.

Alasiri akapita jirani yao Jovitha, fundi umeme, kuazima ungo. Alimwamkia Bibi shikamoo, kisha akasimama mlangoni akinusa. Aliuliza kwa nini nyasi mbichi zinanukia ukavu siku ya mvua. Hakungoja jibu. Alichomoa plagi ukutani, akamsogeza Bibi, akafunua nyasi. Za juu zilikuwa za kijani. Za chini zilikuwa za kahawia, kavu kabisa. Waya ulikuwa umelegea kama mshumaa uliokaa juani.

Eustadia aliogopa sana. Alimshika Bibi mkono na hakuuachia.

Projest alipoitwa kutoka shambani alibisha. Jiko ndilo lenye moto, alisema, waya umekosa nini? Jovitha akatoa kipimo chake. Aliondoa nyasi zote za karibu, akaunyoosha waya, akawasha kwa muda mfupi. Hiyo ni kazi ya fundi, wewe msomaji usiijaribu. Kwenye soketi ya ukutani kipimo kilionyesha volti 230. Kule kwenye jiko kilionyesha volti 220. Umeme uliokuwa unapita ulikuwa ampia 10. Kemirembe aliandika namba hizo nyuma ya kalenda.

"Volti hupima msukumo wa umeme," Jovitha alieleza. "Ampia hupima wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Hebu fanya ya jiko."

"220 mara 10," Kemirembe alisema. "Wati 2,200."

"Sasa gawanya volti kwa ampia. Utapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Tunaupima kwa omu."

"220 gawanya kwa 10. Omu 22."

Jovitha alisema jiko limetengenezwa liuzuie umeme kiasi hicho, ndiyo maana linapata moto. Kisha akauliza: zimetoka volti 230, zimefika 220, je, kumi zimebaki wapi?

Projest aliutazama waya sakafuni.

Kemirembe alipiga hesabu polepole. "Volti 10 gawanya kwa ampia 10, ukinzani wa waya ni omu 1. Volti 10 mara ampia 10, ni wati 100."

"Wati mia," Jovitha alisema. "Ni ile balbu ya zamani isiyoshikika kwa mkono. Waya mwembamba na mrefu hupoteza nguvu njiani, na nguvu hiyo inakuwa joto. Nyie mmeukunja na kuufunika. Joto lipate wapi pa kutokea? Bibi amelala juu yake kutwa nzima."

Projest alichuchumaa mbele ya mama yake, akamwomba radhi. Alisema alitaka tu wageni wasiuone. Bibi alimjibu kwamba hata yeye hakuuona.

Ijumaa asubuhi Jovitha aliweka soketi jikoni kwa waya mnene, uliopita ukutani. Alimfundisha Projest kusoma wati zilizoandikwa kwenye jiko, kuzigawanya kwa volti ili apate ampia, na kununua waya unaozimudu. Kisha akapima tena. Mwanzo wa waya, volti 230. Jikoni, 229. Ampia karibu zilezile, 10 na ushei. Kemirembe akazidisha mwenyewe: volti 1 mara ampia 10, kama wati 10 tu. Ekstensheni ikakatwa vipande asije mtu akaitumia tena.

Nyasi mpya zikatandikwa, kahawa ikarudishwa kwenye jiko. Bibi peke yake ndiye aliyenung'unika. Alisema wamempa usalama, wamemnyima usingizi.

Jovitha alicheka. Alisema mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la karibu wati mia.

Kemirembe alilisikia neno hilo. Alikwenda pembeni, akajilaza mgongo kwa mgongo na Bibi. Mvua ilianza kunyesha juu ya bati.

"Ndilo lenyewe," Bibi alisema, macho amefumba. "Na ukishaolewa, wati zangu atanipa nani?"

Kemirembe alishikwa na uchungu. Hesabu hiyo Jovitha hakuwafundisha. Alijisogeza karibu zaidi, na wote wawili wakalala mpaka kahawa ikaiva.