Mistari Chini ya Chokaa

"Umenifutia mudogo wangu, Kaswera! Umemufuta na chokaa!"

"Nimefuta nani, Mama Uwizeye? Mimi natoka soko sasa hivi!"

"Shuka kwako uone! Ule fundi wako, unamuita chéri kwenye simu mpaka avenue yote inasikia!"

Majirani walikwisha kupanda juu ya mawe ya lava ili waone vizuri. Kaswera akashuka ngazi tano mbio, blauzi yake ya njano ikimshika mgongoni kwa jasho.

Nyumba ile ilijengwa na Mbelgiji wa kahawa. Lava ya volkano iliyoshukia Goma 2002 ilijaza uwanja ikasimama madirishani. Marehemu baba yake Kaswera akachonga ngazi za kushukia, akakataa kuhama. Kila vita vya Masisi, kila vita vya Rutshuru, waliokimbia walilala ukumbini mwake. Kila mtoto wao, baba alimsimamisha ukutani, akamkwaruzia mstari juu ya kichwa na jina pembeni. "Mama yako akikutafuta, ataanzia hapa."

Sasa ukuta ulikuwa mweupe pe. Modeste alisimama na brashi, meno yote nje.

"Surprise, chérie! Wazee wangu wanakuja Jumapili kukuposa. Wakute ukuta wa kuchorwachorwa?"

"Munyaneza, mudogo wa Mama Uwizeye, alikufa na kipindupindu, hana kaburi. Alibakia na mustari tu, hapa. Toka, Modeste."

Akatoka. Miezi minne ya mapenzi ikatoka naye, tangu siku waliyogombania ubao mmoja wa mwisho sokoni. Modeste akamwachia, akamfikishia nyumbani, akabaki kutengeneza paa. Kila adhuhuri Kaswera alimkaribisha mezani, naye akakataa akicheka: "Fundi anakula inje, juu ya mawe. Ndani ni kwa mwenye nyumba. Siku nikiingia kula, ujue sitoki."

Simu ililia siku mbili. Ya tatu Kaswera akaipokea.

"Chérie..."

"Hapa hakuna chérie."

"Papa yako aliandika na makala ya jiko ao na musumari?"

"Musumari. Sababu gani?"

"Basi chokaa haijashinda. Niache nirudi."

Akarudi na kijiko na kitambaa chenye maji. Alikwangua polepole kama mtu anayemwosha mtoto usoni, na Mama Uwizeye kwenye kiti nyuma yake: "Pole pole, weye! Hapo kuna mutu!" Majina yakachomoza moja moja. Jumamosi, chini kabisa, likatoka la Munyaneza. Mstari ulimfikia dada yake kiunoni.

"Eh! Alikuwa mufupi hivi? Na alikuwa anajisifu kunipita!" Mama Uwizeye akacheka huku machozi yakimshuka, kisha akapanda ngazi kuwaita waliomwona akigombana. "Mushuke muone! Nyumba gani ya Goma iko na ukuta kama huu?"

Walishuka wote. Ukumbi ukajaa, kila mmoja akitafuta wa kwao, na Kaswera akawaonyesha majina, kidevu juu, kama baba yake.

Modeste peke yake alikuwa nje, chokaa nyweleni, akifungua mkate wake juu ya mawe. Kaswera akamfuata.

"Wazee wako waje kesho. Wataanzia ukutani."

Mkate ukamdondoka.

"Na weye, sombe inapoa mezani."

"Uniletee hapa, basi."

"Hailetwi. Ingia, tule."